Kirusi cha michirizi ya kahawia kwenye muhogo: kinatumia protini zipi za mmea, na mbona hatuziondoi?

mwl_Masasi

Salaam wakuu. Nafundisha Biolojia kidato cha tano na sita, Masasi. Vitabu vinasema kirusi "hakiwezi kuzaliana nje ya seli hai", halafu vinaishia hapo. Wanafunzi wanauliza: kwani ndani ya seli kinafuata nini hasa? Nataka kufundisha kwa kutumia muhogo, maana kila mtoto huku ameshaona muhogo umechimbwa, kwa nje mzuri, ukiukata ndani una madoa makavu ya kahawia.

Naomba kujua ni protini zipi za mmea ambazo kirusi hiki hakiwezi kufanya kazi bila hizo. Na kama zinajulikana kwa majina, kwa nini zisiondolewe kwenye mmea tukamaliza kazi?

Ribosomu_80S

Mwalimu, muhogo ni mfano mzuri kuliko mafua ya vitabuni, kwa sababu una magonjwa mawili ya virusi yanayoitegemea seli kwa namna mbili tofauti kabisa. Nitaanza na michirizi, batobato nitaigusa mwishoni.

Michirizi ya kahawia ilielezwa kitaalamu mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha Amani, kule Tanga. Inaletwa na virusi viwili vinavyokaribiana, CBSV na UCBSV, vya familia ya Potyviridae. Jenomu ni uzi mmoja wa RNA wa nyukleotidi 9,000 hivi, na una mwelekeo ambao ribosomu inaweza kuusoma papo hapo. Husomwa kuwa protini moja ndefu ya asidi amino 2,900 hivi, kisha proteasi za kirusi chenyewe huikata kuwa protini kumi. Mojawapo, NIb, ni polimerasi ya kunakili RNA. Nyingine, CP, ni ya ganda.

Sasa mwambie mwanafunzi ahesabu kinachokosekana. Kirusi hakina ribosomu. Hakina tRNA (inayoleta asidi amino kwenye ribosomu), hakitengenezi ATP (nishati ya seli), hakina asidi amino zake wala mafuta ya kutengenezea utando. Kinaingia na maelekezo ya mapishi tu. Chungu, kuni na maji vyote ni vya mwenye nyumba.

Mahali pa kukaa zaidi darasani ni mwanzo wa usomaji, kwa sababu hapo ndipo jina la protini linapojulikana. mRNA ya kawaida ya mmea ina kofia ya kikemia kwenye ncha yake ya 5'. Protini ya mmea iitwayo eIF4E hushika kofia hiyo, inaiita protini nyingine, eIF4G, na kupitia hiyo sehemu ndogo ya ribosomu hufika. Bila hatua hiyo ribosomu za seli zinabaki kushughulika na mRNA nyingine. RNA ya CBSV haina kofia. Badala yake, kwenye ncha hiyohiyo imebandikwa protini ndogo ya kirusi iitwayo VPg, na VPg ndiyo inayoshikana na protini za familia ya eIF4E. Muhogo una ndugu watano wa familia hiyo: eIF4E yenyewe, eIF(iso)4E mbili, na mbili nyingine zinazoitwa nCBP-1 na nCBP-2. VPg ya kirusi hiki huwapenda zaidi hao wawili wa mwisho.

Hatua zinazofuata nitazipitia haraka. Baada ya protini kupatikana, ile iitwayo 6K2 huvuta utando wa retikulamu ya endoplazimu na kuunda vifuko vidogo, na RNA inanakiliwa humo, mbali na vimeng'enya vya mmea vinavyokatakata RNA ngeni. Kwa ndugu yake, kirusi cha tanipu (TuMV), ambacho kimechunguzwa kwa undani zaidi, ndani ya vifuko hivyo zimekutwa protini za mmea kama PABP, eEF1A na Hsp70. Kisha kirusi hupita kwenye vijitundu vinavyounganisha seli na seli, huingia kwenye mirija ya floemu, na kushuka mpaka kwenye mizizi pamoja na sukari.

Batobato ni hadithi nyingine. Virusi vyake ni vya DNA: duara mbili, kila moja nyukleotidi 2,800 hivi, ndogo kiasi kwamba hazina hata polimerasi ya DNA. Maana yake vinahitaji mtambo mzima wa seli wa kunakili DNA. Tatizo lao ni kwamba seli ya jani lililokomaa imeshaacha kugawanyika na mtambo huo umezimwa. Kwa hiyo protini ya kirusi iitwayo Rep hushikana na protini ya mmea ya RBR, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isianze kunakili DNA. RBR ikishikwa, jeni za kunakili huwashwa, polimerasi za mmea hujitokeza, na Rep hukata duara la kirusi mahali pamoja maalumu ili unakili uanzie hapo.

Mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba ukinzani maarufu dhidi ya batobato, uitwao CMD2, unatokana na mabadiliko madogo kwenye jeni ya POLD1, ambayo ni kipande kikuu cha polimerasi delta ya muhogo. Polimerasi bado inanakili DNA ya mmea vizuri, lakini inadhaniwa kirusi kinashindwa kuitumia ipasavyo. Wakulima walichagua mimea hiyo kwa macho miaka mingi kabla ya mtu yeyote kujua ni protini gani. Mimi huu ndio mfano ningeuweka ubaoni kwanza.

Kuhusu kuziondoa, imejaribiwa. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha muhogo ambao nCBP-1 na nCBP-2 zote mbili zimeharibiwa kwa CRISPR, njia ya kukata jeni mahali palipochaguliwa: dalili kwenye majani na mashina zilichelewa na kupungua, uozo wa mizizi ulipungua ukilinganishwa na mimea ya kawaida, na mizizi ilikuwa na kirusi kichache. Lakini mimea haikuwa na kinga kamili, iliugua bado.

mwl_Masasi

Asante sana mkuu. Swali la kuongezea, na hili wanafunzi wangu hawataniachia: kama VPg inashika nCBP na nCBP zote zimeondolewa, kirusi kimepitia wapi? Na mwanzoni walijuaje kuwa protini ile ni ya *lazima*, na si kwamba zinagusana tu?

Jeli_Agarosi

Nianze na la pili, ndilo linalokosewa sana hata kwenye ripoti za vyuo.

Hatua ya kwanza hufanywa kwenye hamira. Unachukua protini moja ya kuwasha jeni, unaigawa vipande viwili: kimoja kinachoshika DNA, kingine kinachowasha. Kipande cha kwanza unakiunganisha na VPg, cha pili unakiunganisha na nCBP. VPg na nCBP zikishikana, vipande vinakaribiana, jeni ya kutengeneza histidini inawaka, na hamira inaota kwenye chakula kisicho na histidini. Zisiposhikana haioti. Inapendeza kwa macho, lakini ina mitego miwili. Kuna protini zinazowasha jeni zenyewe bila mwenza, kwa hiyo lazima kuwe na sahani yenye VPg peke yake na nyingine yenye nCBP peke yake. Zikiota hizo, matokeo yako hayana maana. Pia kwenye hamira unalazimisha protini mbili zikae kwenye kiini cha seli, ilhali ndani ya mmea pengine hazikutani kabisa. Ndiyo maana hurudiwa ndani ya jani: unaivuta VPg kwa kingamwili na kuangalia kama nCBP imekuja nayo.

Hadi hapo umeonyesha kugusana. Ulazima unaonyeshwa kwa kuondoa tu. Unaharibu jeni, unamwambukiza mmea, unapima kirusi. Kirusi kikiongezeka vilevile, ile protini ilikuwa mpita njia. Na kuna kipimo cha ziada ambacho wachambuzi wakali hudai: rudisha jeni nzima kwenye mmea uliouharibu. Ugonjwa ukirudi, hapo ndipo unaweza kusimama na kusema.

Kwenye muhogo, "kuharibu jeni" si kazi ya mkato mmoja. Muhogo una kromosomu 36, seti mbili, na nakala mbili za jeni moja mara nyingi hazifanani. Jeni mbili mara nakala mbili ni shabaha nne, na zote nne lazima zikatike. Uzi wa kuongoza Cas9, yaani mkasi wa CRISPR, una herufi 20, na shabaha lazima ifuatwe na herufi NGG (N ni herufi yoyote). Nakala moja ikiwa na tofauti ya herufi hapo, inapona, na mmea wako unabaki na nCBP nusu. Ukipima kwa PCR (kuzidisha kipande cha DNA maabara) ya kawaida bila kusoma mfuatano wa kila nakala hutaliona hilo. Unakuja kuliona baadaye, kwenye mizizi.

Maambukizi hufanywa kwa kupandikiza kikonyo chenye jicho kutoka mmea mgonjwa. Nzi weupe, wanaoeneza kirusi shambani, ni wa asili zaidi, lakini huwezi kujua kila mmea umepata kirusi kiasi gani, na ulinganisho unavurugika.

Ribosomu_80S

Kuhusu kirusi kimepitia wapi: kupitia kwa ndugu waliobaki. VPg inazipenda nCBP zaidi, lakini kupenda zaidi si kukataa wengine. Ukiondoa mbili, zimebaki tatu.

Wanafunzi watasema basi ondoa zote tano. Mmea utakufa. Protini zile zipo ili mmea usome mRNA zake mwenyewe, na kirusi kimejishikiza mahali ambapo mmea hauwezi kupaachia. Kwa kadiri ndugu wanavyosaidiana ndivyo mmea unavyovumilia kupoteza mmoja, na kwa kadiri hiyohiyo kirusi nacho kinapata pa kukimbilia.

Kuna njia nyingine, na maumbile yaliigundua kabla yetu: usiiondoe protini, ibadilishe kidogo. Kwenye pilipili, ukinzani uitwao pvr2 dhidi ya kirusi cha PVY unatokana na asidi amino chache tu zilizobadilika kwenye eIF4E. Kwenye shayiri, ukinzani wa rym4 na rym5 ni eIF4E hiyohiyo iliyobadilika. VPg haishiki vizuri, mmea unaendelea na maisha. Kwa kawaida ukinzani wa namna hii hufichika mpaka mmea urithi nakala iliyobadilika kutoka pande zote mbili, baba na mama, kwa sababu nakala moja nzima inatosha kukihudumia kirusi. Hilo ni swali zuri la mtihani wa jenetiki, mwalimu.

Usiwafiche pia upande mbaya. Polimerasi ya RNA haina uwezo wa kusahihisha makosa, kwa hiyo VPg hubadilika haraka. Aina za PVY zinazoivunja pvr2 zipo, na mabadiliko yao yamekutwa kwenye VPg. Kubadilisha protini moja tu ya mmea na kuiachia shamba zima ni kukialika kirusi kitafute njia.

Newala_Maabara

Kama wanafunzi wakitaka mfano wa binadamu, usiende mbali. Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 hapahapa uwanda wa juu wa Makonde, Newala. Nacho ni kirusi cha RNA, nyukleotidi 11,800 hivi, na protini za binadamu zinazokihudumia zinajulikana vizuri kuliko za muhogo.

Kwenye mlango wa seli kuna MXRA8, protini ya juu ya utando ambayo seli za viungo na misuli zinayo. Ndani ya seli, protini ya kirusi iitwayo nsP3 hushikana na protini mbili, G3BP1 na G3BP2, ambazo kwa kawaida hukusanya mRNA seli inapopata msukosuko. Ukiziondoa zote mbili kwenye seli za maabara, unakili wa kirusi unazimika. Ukiondoa moja tu, nyingine inaziba pengo. Ni mambo yaleyale ya ndugu aliyoyaeleza Ribosomu. Halafu kuna FHL1, protini ya misuli: seli za watu wenye hitilafu ya kurithi kwenye jeni hiyo hukataa kuambukizwa, lakini watu hao wana ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli. Usitafute dawa ya kuiondoa FHL1, bei yake mmeiona. Mwisho ni furini, kimeng'enya cha seli kinachokata protini ya utando wa nje wa kirusi ili chembe mpya za kirusi ziweze kuambukiza.

Kingine cha kuwatafakarisha: kirusi hichohicho lazima kiishi ndani ya mbu wa Aedes, ambaye hana MXRA8. Mbu ana G3BP ya aina yake, iitwayo Rasputin, na nsP3 inaishika hiyo pia. Hivyo kirusi hakiruhusiwi kubadilika kiholela. Kila badiliko lazima likubalike kwa binadamu na kwa mbu.

BwanaShamba_Nachingwea

Nawasoma kwa makini. Swali la shambani: kwa haya yote, inawezekana kutengeneza dawa ya kunyunyizia muhogo ili kuzuia hiyo VPg? Wakulima wananiuliza dawa kila msimu, na madukani wanauziwa viua kuvu kwa ajili ya michirizi.

Ribosomu_80S

Viua kuvu havifanyi chochote kwa kirusi, bwana shamba. Vinashambulia vitu vya kuvu, kama ukuta wa seli yake na mafuta ya utando wake, na CBSV haina hivyo. Mkulima amelipa bure.

Dawa ya kuzuia VPg isishike ingewezekana kinadharia, lakini ingebidi ifike kwenye floemu mpaka mizizi, isidhuru eIF4E ya mmea, na ibaki humo miezi tisa hadi kumi na miwili. Kwa zao la chakula lenye bei ya muhogo, hakuna atakayeitengeneza. Kazi inabaki kwenye mbegu.

Jeli_Agarosi

Na kwenye mbegu, zingatieni kwamba kirusi hakitawanyiki sawasawa ndani ya mmea. Kwa michirizi, sampuli ichukuliwe kwenye majani ya chini na ya kati yaliyokomaa, yenye njano inayofuata vishipa. Majani machanga ya juu yanaweza kukupa jibu la "hakuna" wakati kirusi kipo. Batobato ni kinyume chake: chukua jani changa la juu kabisa, kwa sababu kirusi cha DNA kinastawi zaidi pale seli zinapogawanyika au zilipotoka kugawanyika. Mwalimu, hapo una uthibitisho wa somo lako unaoonekana kwa macho: batobato hukunja majani machanga, michirizi huchora yaliyokomaa.

Maabara huhitaji kiasi cha gramu 0.1 ya jani. Muhogo una fenoli na sukari nyingi zinazoua PCR, ndiyo maana wakati wa kutoa DNA na RNA kwenye jani hutumika kemikali ya CTAB ya asilimia 2 yenye PVP na beta-mekaptoethanoli, nyuzi 65, kisha klorofomu na alkoholi ya isoamili kwa uwiano wa 24:1. Ukisahau beta-mekaptoethanoli, mchanganyiko unakuwa wa kahawia, na hapo rudia kutoka mwanzo, usijaribu kuokoa. Kwa vile CBSV ni RNA, lazima kwanza igeuzwe DNA kwa kimeng'enya cha kurudisha nyuma. PCR ya kawaida peke yake haitaona kitu. Kuna praima (vipande vifupi vya kuanzishia PCR) za pamoja zinazotoa kipande cha herufi 344 kwa CBSV na cha takriban 440 kwa UCBSV, kwa hiyo jeli moja inatofautisha. Weka na jeni ya muhogo yenyewe kama kipimo cha ndani: isipotokea hiyo, jibu la "hakuna kirusi" si jibu, sampuli imeharibika.

BwanaShamba_Nachingwea

Hiyo ya majani ya chini ni muhimu. Wengi wanakagua kwa kuangalia ncha. Niongeze ya shambani kwa faida ya wengine.

Muhogo uliopandwa Desemba ukaguliwe Aprili au Mei, kabla kiangazi hakijaangusha majani ya chini. Ukisubiri Agosti, dalili zimeanguka pamoja na majani. Angalia na shina bichi: michirizi au makovu ya kahawia juu ya gome la kijani. Wakati wa kuvuna, kabla hujachukua pingili za mbegu, kata mizizi ya mmea huo kwa mikato ya upana wa sentimita mbili au tatu, kutoka kichwani hadi mkiani. Mkato mmoja wa katikati hautoshi, doa linaweza kuwa mwisho kabisa. Mzizi mmoja ukiwa na doa, shina lote ni kuni, usichague "pingili nzuri" humo.

Kuhusu aina, Albert inaugua vibaya. Namikonga inastahimili, na wazalishaji wa mbegu wameitumia sana kama mzazi. Kiroba nayo huugua lakini mizizi huharibika kidogo, na hapo pana hatari yake: mkulima haoni doa, anamgawia jirani mbegu yenye kirusi.

mwl_Masasi

Je, ustahimilivu wa Namikonga nao unatokana na eIF4E?

Ribosomu_80S

Hapana, usiwaambie hivyo. Ustahimilivu wake unaongozwa na jeni nyingi zilizotawanyika kwenye kromosomu kadhaa, na kila moja inachangia kidogo. Ndiyo sababu ni mgumu kuuhamisha kwa kuzalisha: watoto wengi wanapata sehemu tu. CMD2 ya batobato ni kinyume, jeni moja na mzazi mmoja anatosha.

Ila CMD2 ina mtego ambao wanaotaka kuunganisha kinga mbili kwenye mmea mmoja wamekutana nao. Ili kutumia CRISPR kwenye muhogo lazima upitie kwenye maabara ya tishu, seli zilegezwe kuwa donge kisha zioteshwe upya kama kiinitete. Mimea mingi ya CMD2 iliyopitia njia hiyo ilitoka imepoteza ukinzani wa batobato. Kwa hiyo unaweza kuharibu nCBP vizuri kabisa, ukapeleka mche shambani ukiwa na nafuu ya michirizi, na batobato ikaumaliza ndani ya msimu. Kila mche uliohaririwa upimwe kwa virusi vyote viwili, na mfuatano wa POLD1 usomwe kabla mche haujatoka kwenye kibanda cha wavu.